Kilemba cha Karatasi ya Damu

Jambo zima, tangu barua ya posa mpaka majibu ya maabara, limenigharimu shilingi laki moja na elfu themanini na sita, nauli na soda za watu humo humo, pamoja na wiki saba za kutosemeshwa na dada yangu wa tumbo moja. Nimehesabu mara mbili. Mtoto wangu wa tatu sikumtia katika jumla hiyo. Yeye alitangulia zamani, na mpaka leo sijui mahali pa kumwandika.

Kazi yangu ni mbuzi. Nanunua katika vijiji vya huko Mkange, nauza Chalinze, na wateja wa Chalinze wakinuna nawashusha mbuzi wangu Vigwaza. Miaka thelathini sasa, na sijapata kununua beberu bila kuuliza mama yake alikuwa yupi na amezaa mapacha mara ngapi. Mke wangu sikumuulizia kitu. Baba yake alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Nyumba zetu hapa Bagamoyo ziliegemeana ukuta, na wazee walipenda mali na watu vikae pamoja. Mahari ilikuwa nafuu. Nakiri kwamba hilo nalo lilinifurahisha.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alinawiri mpaka majirani wakatuambia tumfiche. Alipotimiza miezi saba aliamka analia, vidole vya mikono na miguu vimevimba na kung'aa. Tulipofika hospitali, muuguzi akachukua damu, na siku ya majibu akatukalisha wote wawili. Ugonjwa wa sikoseli, akasema. Kila mmoja wenu amebeba jeni mbili za kutengenezea damu, moja nzima na moja yenye kasoro, na kwa sababu mna ile nzima hamuumwi. Mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Akiziokota zile mbili zenye kasoro, ndiyo haya mnayoyaona.

"Inatokea mara ngapi?" nikauliza.

"Katika wanne, mmoja."

Jibu hilo nililipokea kichuuzi. Nikisafirisha mbuzi wanne, na mzoefu wa njia akaniambia mmoja hafiki, basi akianguka mmoja pale pale Mkange roho yangu hutulia: niliyeandikiwa kumpoteza nimeshampoteza, watatu ni wangu. Nilitoka hospitali nimembeba mtoto anayelia, na ndani ya kichwa changu nilikuwa nimeshafunga hesabu. Zamu yetu imekuja mapema, imepita.

Mimba ya pili ikaja, tukapata binti, mzima kabisa. Nikamwambia mke wangu, "Umeona?" Mimba ya tatu hakuitaka. Nilimbembeleza siku nyingi, kama ninavyombembeleza mtu aniachie jike asilotaka kuliuza. Nilimhesabia kwa vidole vyake mwenyewe: huyu mgonjwa, huyu mzima, huyu na huyu wazima. Sikuwa namdanganya. Niliamini kila kidole. Akakubali.

Mtoto wa tatu, binti, alikaa nasi miaka mitatu na miezi miwili. Kutoka kaburi lake mpaka kaburi la bibi yake ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu kwenda na kurudi. Mimba ya nne haikutajwa tena nyumbani kwangu.

Kosa langu sikulijua siku ile. Nililijua miaka mingi baadaye, mwanangu wa kwanza alipokuwa mtu mzima na kliniki yake imehamia Dar. Walikuwapo pale watu wa utafiti, wanataka kujua kwa nini wagonjwa wawili wenye jeni zilezile mmoja analazwa kila mwezi na mwingine anacheza mpira. Walimwomba mwanangu damu, wakaniomba na mimi, na mama yake, na mdogo wake wa kike. Aliyetupokea alikuwa binti mdogo, umri wa kuwa mwanangu, koti jeupe na viatu vya raba.

"Mtanilipa nini?" nikamuuliza.

"Nauli na soda, mzee."

"Soda mbili."

"Moja. Damu yenyewe kijiko kimoja."

Nikampenda. Nikatia saini, kisha nikamwambia kwa uchungu kwamba hesabu yao ya mmoja kwa wanne ni ya uongo, maana mimi nimezaa watatu na wagonjwa wawili. Hakucheka. Aliniuliza kama nina sarafu. Nikatoa mbili za mia. Akasema moja ni mimi, nyingine mke wangu. Upande wa kichwa ni jeni nzima, upande wa mnyama ni ile yenye kasoro. Rusha zote mbili.

Nikarusha. Wanyama wawili.

"Huyo mgonjwa. Rusha tena."

Nikarusha. Wanyama wawili tena.

"Lakini wa kwanza ameshatoka!" nikasema.

"Sarafu inajuaje?"

Nikarusha mara ya tatu, ya nne, mpaka mwanangu akanishika mkono, kwa kuwa watu walikuwa wanatutazama. Kila mimba inaanza upya, akaeleza yule binti. Mimba ya tatu haina habari na ya kwanza. Nikajaribu kumwomba apunguze, aniwekee hata mmoja kwa kumi. Akasema, "Mzee wangu, ingekuwa duka ningekupunguzia." Nikamuuliza kasoro yenyewe ni kubwa kiasi gani. Herufi moja, akasema, imeandikwa vingine ndani ya maelekezo marefu ya kutengeneza damu. Mimi risiti zangu za mbuzi hukosewa herufi tatu, na mbuzi anafika.

Yako mengine aliyoniambia siku ile ambayo yamekaa nami. Nilimuuliza ilikuwaje mwanangu awe mzima miezi saba kwanza. Akasema mtoto akiwa tumboni hutumia jeni nyingine ya damu, na baada ya kuzaliwa hiyo huzimika polepole, yenye kasoro ikashika kazi. Ile ya uchanga haiondoki, imezimwa tu. Vidonge anavyomeza mwanangu sasa vinaiamsha kidogo, na ndiyo maana haanguki mara kwa mara kama zamani. Nikamuuliza na kwa nini kasoro hii imejaa pwani yetu. Akasema aliyerithi moja tu, kama mimi, malaria kali haimuui kirahisi utotoni, kwa hiyo mababu waliokuwa nayo walipona wakazaa. Yaani mimi niko hai pengine kwa jeni ileile iliyomzika mwanangu. Nilikunywa soda yangu yote bila kusikia ladha.

Majibu ya binti yangu mzima yalionyesha naye amebeba moja. Haumwi na hataumwa. Anashona nguo za harusi za wenzake, ana miaka ishirini na minne, na mwaka huu barua ya posa ilikuja kwa ajili yake, imefungwa katika kitambaa, imeletwa na washenga wawili wazee. Mchumba ni mtoto wa dada yangu. Fundi friji, mpole, ananiita mjomba tangu ajue kusema. Mtaa mzima ulikuwa umeshawaoza.

Siku ya kujibu tulikaa sebuleni wanaume, wanawake wakakaa ndani nyuma ya pazia. Binti alishataja mahari yake, mama yake akataja mkaja wake, kitu cha shukrani kwa mbeleko aliyombebea. Kikabaki kilemba, fungu la baba. Mshenga akafungua daftari akatabasamu, maana mimi nikitajiwa bei watu huvuta viti.

"Taja, bwana, tukusikie."

"Sitaki pesa."

"Yarabi! Huyu anaumwa."

"Nataka karatasi ya kipimo cha damu ya kijana. Ya sikoseli. Hicho ndicho kilemba changu."

Daftari likabaki wazi. Dada yangu akasema kutoka nyuma ya pazia, sauti imepanda:

"Mwanangu anaumwa nini?"

"Haumwi, dada."

"Sasa damu yake ya nini? Umeanza kununua na watu kwa kutazama meno?"

"Dada, ni kipimo tu."

"Damu ya mwanangu ni damu yangu, na yangu ni yako, tulinyonya titi moja!"

"Ndiyo maana naiogopa."

Hapo nilikosea. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini mbele ya washenga hayakuwa ya kusemwa. Pazia likatikisika, nikasikia ndala zake zinavuka ua, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kishindo. Mshenga akaandika, "Kilemba: karatasi," akaniuliza kama aweke alama ya kuuliza.

Wiki saba hakunisemesha. Tukikutana sokoni anasalimia mbuzi. Nilidhani ni hasira ya kuaibishwa, nikawa napanga namna ya kumwomba radhi bila kurudisha neno, kazi ngumu hata kwangu mimi.

Wiki ya nane akaja mwenyewe, asubuhi, nikiwa nawafunga kamba mbuzi wa Chalinze.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usinichekee." Akafungua pindo la khanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakunipa. "Unamkumbuka mwanangu wa kwanza?"

Nilimkumbuka kwa shida. Hakutimiza hata mwaka.

"Alivimba vidole," akasema. "Mama akasema zongo, kuna mtu mwenye jicho kamtazama. Tukamvisha hirizi. Uliposema damu mbele ya watu, nikamwona yule mtoto anakaa pale sebuleni. Wiki saba nasema: kumbe ni mimi niliyempa."

"Ulimpa nusu, dada. Nusu nyingine alimpa shemeji, Mungu amrehemu."

"Hata hapa unakata bei?"

"Hapa ndipo ilipo bei ya kweli. Hukuweza kumpa yote peke yako."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikaacha kamba, tukakaa juu ya gunia la pumba. Tulianza kuhesabu watoto wa bibi yetu mzaa mama: kazaa tisa, kazika wanne, na wawili kati ya hao tunajua kwa masimulizi kwamba walikuwa wakilia mifupa inauma. Tukahesabu tena, tukapata walewale. Maiti wote hao tuliwapa sababu zao: zongo, upepo, homa, mkunga. Hakuna aliyewahi kuwaweka pamoja katika mstari mmoja.

Ndipo akanipa karatasi. Kijana amebeba moja. Sawasawa na binti yangu.

Nikawapeleka wote wawili Dar kwa yule binti wa viatu vya raba. Akawaeleza bila kuwatisha na bila kuwapaka mafuta. Yeye hamkatazi mtu ndoa, akasema. Kila mimba ina hatari ya robo, nayo robo hiyo haipungui kwa dua wala kwa zamu. Mtoto anaweza kupimwa mapema, akianza dawa mapema anaishi vizuri kuliko walioishi zamani, lakini maumivu yapo, na hospitali ipo, na wako wanaotutoka bado. Aliniangalia aliposema hilo la mwisho.

Njiani kurudi kijana alipata kiti cha nyuma kabisa. Mimi, kwa mazoea yangu mabaya, nikaanza kumwambia binti yangu kwamba wako vijana wengi, mapenzi ya ndugu hupoa, heri kuachana sasa kuliko kuzika baadaye. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, nikuulize. Mtoto wa kwanza alipougua, mlishaambiwa?"

"Tuliambiwa."

"Na mimi nikaja baadaye."

"Ulikuja baadaye."

"Kwa hesabu ileile uliyomhesabia mama mtoto wa tatu."

Nikasema ndiyo.

"Ungejua kuhesabu, mimi ningekuwapo?"

Hesabu moja mbovu ilinipa huyu aliyeketi mbele yangu na sindano yake ya kushonea imechomekwa begani mwa gauni, ikanipa na yule wa hatua kumi na nne. Siwezi kuilaani nusu nikaibariki nusu.

Nikamwendea mke wangu. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. Nikamweleza yote, robo na sarafu na kipimo, nikamuuliza aonavyo. Akasema, "Mimi nilishahesabiwa mara moja. Safari hii usinipe vidole." Nikamwambia basi tuwaachie wenyewe. Akasema nikiwaachia nimekubali, nisijifiche. Ni kweli, maana mimi ndiye walii. Bila idhini yangu shehe hafungishi. Dada yangu naye amesema neno langu atalipokea vyovyote, na najua linamuuma kulisema. Mwanangu wa kwanza, ambaye mwili wake ndio unaozungumzwa, aliniambia tu kwamba hataki mtu akataliwe kwa sababu ya watu kama yeye, wala hataki mtu aumwe kama yeye, kisha akaenda kuwapa mbuzi maji.

Vijana wanasubiri. Hawajatoroka, hawajanikasirikia, wananisalimia kwa adabu ambayo inanichoma kuliko matusi. Ijumaa baada ya sala washenga wanarudi kuchukua jibu, na daftari lao lina mstari mmoja tu ulio wazi.

Mimi ni mtu wa kutoa bei kabla mwenzangu hajafumbua mdomo, lakini kwa hili siuamini tena ulimi wangu. Basi wewe unayesoma, hasa kama umepata kuwa mzazi wa pande zote mbili za jambo hili, mgonjwa na mzima, naomba shauri lako kabla ya Ijumaa. Nikubali, au nikatae? Na lolote utakaloniambia, niongezee na hili: nimjibuje binti yangu swali lake?