Mwisho wa Kitabu cha Karanga

Niliamini kwa moyo wote kwamba ukurasa wa mwisho wa kila kitabu huchomwa kwenye mdomo wa duara, lile shimo la mgodi wanamoshukia wachimbaji, ili dhahabu ipande juu yenyewe.

Jioni hii kikundi chetu cha wasomaji kilikuwa kinaambizana nani anasoma nini, mmoja akafungua karanga za kukaanga. Harufu ile tu, nikawa mtoto tena sokoni Masumbwe, mbele ya meza ya mama muuza karanga.

Alizifunga kwa kurasa za vitabu. Sisi watoto tulinunua ili tusome. Karanga zilikuwa nyongeza. Karatasi ililowa mafuta hadi unaliona jua upande wa pili, na chumvi ilikwaruza vidole.

“Wewe unasoma nini?” nilimuuliza rafiki yangu.

“Binti anayetafuta ndama wa baba yake kwenye mafuriko. Soma, mwenzangu, utalia mpaka soko lijae maji!”

Tukabadilishana. Ajabu, hadithi ilikuwa inarudi nyuma: jana binti kabebwa na maji, leo ndiyo kwanza anaaga nyumbani. Je, aliokolewa? Nilikula karanga mpaka tumbo likawa gunia, jibu sikulipata.

“Wachimbaji wameshauchoma huo mwisho,” rafiki yangu aliapa. “Baba kaona kwa macho yake!”

Nikajikaza, nikamwendea yule mama. “Shikamoo. Waambie wachimbaji wasichome, nataka kujua kama binti alipona.”

“Marahaba. Wachimbaji gani tena, baba?” Alikuwa anasokota ukurasa mwingine. “Kitabu mimi huanza kukichana kutoka nyuma.”