Digrii Arobaini za Uongo

Nakumbuka asubuhi moja mtaani Kamwokya, mwanangu, nilipotembea na mchoro wa injini ndani ya soksi. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, mtu wa kuhoji kila kitu, hata salamu. Miaka ile ya utawala wa jeshi watu walipotea mchana kweupe, na msemo wetu ulikuwa mmoja: kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuwa naunda injini ndogo ya kuenea kiganjani, pistoni yake kama kidole gumba. Kemshafti, kile kijiti chenye nundu zinazofungua valvu, ilinishinda kuchonga. Nikampelekea injini na mchoro Mzee Ramadhani, fundi wa kukereza vyuma. Mpwa wake alikuwa askari, na Mzee mwenyewe aliuliza mno: valvu ifunguke lini, ifungike lini, injini ni ya nani. Nikajiambia, huyu katumwa. Kwenye mchoro nikafuta namba za kweli za valvu, nikachelewesha kila moja kwa digrii arobaini, ili akiuza mchoro auze takataka. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe.

"Kijana, hapa valvu itagonga pistoni."

"Wewe chonga tu, Mzee. Hesabu tumezisomea."

"Haya, Profesa."

Siku ya kuichukua, Mzee akiwa ameshaiunganisha injini yote, wakaingia karakanani askari wawili. Kuna mtu aliwaambia tunaunda bomu la saa. Nikamtazama Mzee kwa jicho baya. Nadhani naye alinitazama vivyo hivyo.

"Hii kitu ni injini?" akauliza mkubwa wao.

"Ndiyo, afande. Ya kuchezea," nikajibu.

"Basi washa. Ikikataa, nyinyi wawili mnapanda gari."

Waliopanda gari lile hatukuwaona tena.

Mzee hakuiwasha. Aliizungusha kwanza kwa mkono, polepole, kama alivyoifanyia kila injini kabla ya kuipa moto. Tak! Ikagoma. Mwingine angeilazimisha, valvu ikapinda, nami leo nisingekuwa nakusimulia. Yeye aliiachia.

"Mficha uchi hazai," akaniambia. "Namba za kweli ni zipi?"

"Rudisha arobaini, Mzee."

"Za kranki au za kemshafti?"

"Za kranki," nikasema, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

"Basi huku ni ishirini. Kemshafti huzunguka mara moja, kranki mara mbili. Hiyo hamkuisomea?"

Akalegeza gia ya kemshafti, akairudisha digrii ishirini, akazungusha tena kwa mkono. Haikugonga. Akaipa moto. Ikakohoa mara tatu, kisha ikavuma kama nyuki ndani ya kopo. Askari mdogo akacheka, akaomba aishike. Wakaondoka.

Aliyetusemea simjui hadi leo, na sijaacha kumtafuta nyusoni mwa watu.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii umwamini kila mtu. Shuku. Ila shaka yako nayo izungushe kwa mkono kwanza, usikie inapogonga, kabla hujaipa moto. Na usiyemwamini mnyime kazi yako. Usimpe kazi yenye uongo ndani, maana uongo huo utakapolipuka mtakuwa mmesimama pamoja.

Mungu akujalie mashaka yenye subira, na akulinde na ujanja wako mwenyewe.