Risasi za Shamba la Bi Mwanamisi

Leo nacheka kwa sababu miaka imepita, lakini siku ile, wallahi, ningeona shimo la kaa ningejitumbukiza.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nikifundisha historia Mwabungo, mwalimu wa kitabu kimoja na maneno mengi. Akaja mpima ardhi wa serikali na mashine ya kunusia chuma (ile waliyokuwa nayo wanajeshi kutafutia mabomu yaliyofukiwa), atafute vigingi vya zamani vya mipaka katika shamba la Bi Mwanamisi, mjane muuza samaki. Vigingi hakuviona, akachimbua vidonge sita vya madini ya risasi, vizito, vimejaa udongo, akaniletea.

"Mwalimu, ni nini hivi?"

Ningesema sijui, yangeisha. Nikasema, "Risasi za gobori. Hapa palipiganwa vita vikubwa."

Habari ikafika kwa wakubwa Matuga kabla sijala chakula cha mchana, na Jumamosi akaja afisa mzima na kaptura iliyopigwa pasi, kijiji chote nyuma yake, nami (ndani ya koti la kuazima, joto lote lile!) nikahutubu: hii ilimpata mtu gotini, hii ilimkosa, hii mpigaji alikuwa na shabaha mbovu. Afisa akafurahi mno, akasema basi shamba lote litazungushiwa seng'enge, liwe kumbukumbu ya taifa.

Hapo Bi Mwanamisi akapasua katikati ya watu, akaja mbele.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niazime hiyo ya gotini."

Akachomoa pini kwenye buibui, akasukuma udongo, tundu likatokea upande wa pili. Akapitisha uzi, akaining'iniza mbele ya pua yangu, chubwi ya mshipi kama anayofunga kila mvuvi ili ndoana izame.

"Na vita hivyo, mwalimu, walipigana samaki, changu na tafi?"

Watu walicheka mpaka afisa akakaa chini.

Kumbe balaa halijaisha. Mpima akapitisha mashine, ikalia tena, kikatoka kidonge cha saba, nacho kina ncha, hakina tundu hata la sindano. Risasi yenyewe! Wote wakanigeukia. Bi Mwanamisi akanikazia macho.

"Na hii, mwalimu?"

"Chubwi, Bi."

"Hata mimi naona hivyo," akasema, akaifunga kwenye pindo la leso.

Shamba likabaki la mwenyewe, nami nikabaki Mwalimu Chubwi. Tangu hapo mtu akiniletea alichokichimbua, hata msumari wa juzi, namwambia sijui, kamuulize mwenye shamba.