Jua la Saa Nne

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Troyeville kununua vifungo, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa wetu wa zamani. Nyumba yetu ipo. Ukuta wa bibi jirani, ule ulioelekea jua, umebomolewa, na mahali pake sasa wanaegesha magari. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza, "Dada, unatafuta nani hapa?" Nilimwambia simtafuti mtu, nikaondoka.

Wewe usiyeijua baridi ya Johannesburg, usidhani ni ya mawingu. Nje jua huwaka kweupe kutwa nzima. Baridi imo ndani ya nyumba, sakafuni, ukutani, hata kwenye sabuni. Mama yangu, mzaliwa wa Morogoro aliyeolewa na mtu wa huku, alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa saa yetu. Niliamka nikiisikia, nikarudi shule nikiisikia. Ukikaribia mwezi wa sita ilianza kukatika-katika, kisha ikanyamaza. Wali aliupika bila chumvi, halafu hakupika kabisa, akawa mtu wa kulala. Ukimwita aliitika, ila ungedhani anaitika kutoka nyumba ya pili.

Watu hawakosi la kusema. Wanakanisa walikuja kukemea pepo. Wateja walisema kawa mvivu. Baba, na alimpenda jamani, alisema ni baridi tu, mtu wa nchi ya joto hajaizoea. Akapigilia mablanketi kwenye madirisha yote, mimi nikimshikia misumari. Ilikuwa mwaka 2016, nina miaka kumi na mmoja, na nilijiona nimemtibu mama yangu. Saa sita ya mchana chumba chake kilikuwa giza.

Bibi jirani ndiye aliyetuokoa. Ujana wake, enzi za ubaguzi wa rangi, aliumalizia uhamishoni huko huko Morogoro, na Kiswahili chake kilifanana na cha Mama. Siku moja alikuja kufuata gauni lake, akasimama mlangoni akiyatazama yale mablanketi.

"Eish! Nani kamzika huyu angali hai?"

Akayang'oa kwa mikono yake, misumari ikaruka. Mama hakuulizwa kitu. Alivishwa soksi, akashikwa mkono, akatolewa hadi kwenye ule ukuta, akaketishwa mkekani na kumenyewa chenza.

"Mgonjwa haulizwi uji," bibi aliniambia, akinitia maganda mkononi nikayatupe.

Wiki ile ile alimpeleka kliniki. Nesi akasema huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, huja na majira, na una dawa. Baba aliposikia alikaa chini, akayatazama matundu ya misumari ukutani.

Basi misimu mitatu ya baridi, kila saa nne asubuhi, bibi alikuja kumshika mkono. Mama alimeza vidonge vyake, akala machenza, akashona pindo mbili tatu kwa mkono. Siku nyingine hakutamka neno, na bibi hakumdai neno. Walikaa tu, migongo ukutani, wakiota jua. Kufikia mwezi wa nane cherehani ilianza tena, kwa kusitasita. Hadi leo nikinusa ganda la chenza sokoni, machozi hunilenga.

Bibi alifariki mwaka 2019, kabla baridi haijaingia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nina simu na marafiki, na dalili zote nilizijua: chumvi, usingizi, cherehani kukatika. Dawa nayo niliijua. Kila asubuhi ya likizo nilisimama mlangoni, simu mkononi, nikauliza, "Mama, unataka kutoka ukaote jua?"

"Baadaye, mwanangu."

"Sharp," nikasema, yaani sawa, nikaenda zangu.

Mwezi wa nane Baba alimrudisha kwao ili apone. Alipona, na hakurudi.

Siku hizi akinipigia simu naisikia cherehani ya dada yake ikilia nyuma ya sauti yake. Huniuliza kama huku kuna jua. Namjibu lipo, tele. Lile linaloniuma sijapata kumwambia. Bibi alinifundisha kwamba mgonjwa haulizwi uji, nami nikasimama mlangoni, asubuhi baada ya asubuhi, nikimuuliza.