Chupa Zenye Matope

Iko siku moja mto wa Ruiru ulipanda kwa hasira, na mpaka leo naikumbuka. Nataka nikueleze, mwanangu, maana nimesikia baa yako ya Githurai imeungua, na tayari umetandika turubai kando ya majivu, unauza. Kwa moto, pole sana. Kwa hilo la turubai, pole sikupi. Keti.

Nilikuwa mke mchanga, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Mume wangu Ngotho alikuwa na kilabu cha bia pale Ruiru, kuta za udongo na mabati juu, karibu na mto. Usicheke. Siku hizo Mwafrika kupewa leseni ya kuuza bia ya chupa halikuwa jambo dogo. Ngotho aliiomba mpaka wenzake wakamwambia aache kujisumbua, na alipoipata alitoka Thika kwa miguu hadi Ruiru, ili kila mtu njiani amuulize anacheka nini. Kifungua mimba wetu alikuwa angali mgongoni, na tulikuwa tumekwisha kuamua atasomeshwa na kilabu hicho.

Basi mvua ikanyesha, ikanyesha, na mto ukaja ukazoa kuta zote. Mabati tuliyaokota ndani ya kahawa ya watu. Kilichobaki ni makreti ya bia, yamezama kwenye matope mekundu. Tuliyabeba mpaka nyumbani kwetu Mugutha, tukayaweka ghalani. Asubuhi Ngotho akaenda Thika kuuliza serikali inasemaje mtu akipoteza nyumba yenye leseni. Mimi nikabaki na ujanja wangu.

Ulikuwa mwisho wa mwezi. Vibarua wa mashamba ya kahawa wamelipwa, na kilabu hakipo. Wakaanza kupita kwetu, mmoja kunipa pole, mwingine kuuliza kama kuna chupa iliyopona. Nikajiambia, leseni si tunayo? Bia si ni ile ile? Nikachota maji, nikaweka karai uani, nikachukua chupa ya kwanza ili niisugue.

Mama mkwe akaingia. Huyu mama lazima nikueleze alivyokuwa. Alikuwa ameokoka zamani, na pombe aliichukia hivi kwamba akipita mbele ya kilabu cha mwanawe aligeuza uso kama mtu anayepita jaani. Nilidhani amekuja kumshukuru Mungu kwa mafuriko. Akatazama karai, akanitazama mimi.

"Rudisha hiyo chupa."

Nikamweleza kwamba leseni tunayo, tena halali. Akavuta kigoda akaketi, polepole, maana hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Hiyo leseni waliitoa kwa nyumba waliyoiona kwa macho," akasema. "Walikagua mlango, wakakagua choo, wakauliza maji yanatoka wapi. Uani hapa walikuja lini?"

Nikaishusha chupa kando ya karai, naye akaendelea.

"Mimi pombe siipendi, unajua. Lakini jina lililoandikwa pale ni la mwanangu. Usioshe chupa hata moja. Ziache na matope yake, hivyo hivyo zilivyotoka mtoni, na atakayeuliza aje aone."

Ngai, nilikasirika! Niliona ni mwanamke aliyepata nafasi ya kuikomoa bia. Lakini mkwe ni mkwe, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikairudisha chupa kwenye matope yake, nikamwaga maji. Vibarua wakaendelea kuja na mimi nikaendelea kuwarudisha, na mmoja akanitukana kwa lugha ya kwao. Sikuielewa, ila sura yake ilinitafsiria.

Ngotho akarudi na habari. Sheria ilikuwa kama alivyosema mamake. Leseni ni ya nyumba. Nyumba ikiangamia kwa moto au mafuriko, mwenyewe anaweza kuomba auzie mahali pengine kwa muda, mpaka ajenge. Lakini aombe kwanza. Akiuza kabla ya kuruhusiwa, leseni inakwenda na haimrudii. Tukatafuta chumba cha mawe karibu na stesheni, Ngotho akapeleka ombi.

Siku ya kikao tulikwenda Thika sote wawili. DC, mkuu wa wilaya, ameketi na wazee wake, na Ngotho amesimama akieleza vizuri kabisa, mara akainuka Mugo. Huyo Mugo alikuwa na kilabu chake upande wa pili wa soko, na nafasi yetu aliitamani kwa ajili ya nduguye. Akasema sisi tumekuwa tukiuza uani tangu mafuriko, na kwamba amewaona vibarua wakitoka kwetu kwa macho yake.

Na kweli walikuwa wakitoka! Nani angeamini kwamba wanaume wale, na mshahara mfukoni, waliingia kwa mwenye bia wakatoka na kiu yao? Niliona shule ya mtoto inakwenda na maji. DC akasema maneno yametosha, bwana afya aende akaangalie siku hiyo hiyo.

Wakaja Mugutha kwa gari, bwana afya, askari na Mugo mwenyewe nyuma. Mama mkwe ndiye aliyewafungulia ghala. Matope yalikuwa yamekauka, yakashikanisha chupa na kreti. Bwana afya akavuta moja, haikutoka. Akavuta nyingine. Mpaka askari alipochokoa kwa panga ndipo ikang'oka, na pale ilipokuwa pakabaki shimo. Kwenye makreti mengine yote halikuwako shimo hata moja, maana hakuna chupa iliyokuwa imetolewa. Bwana afya akamgeukia Mugo, na Mugo akawa anatazama migomba. Njia ya mwongo ni fupi.

"Chumba cha stesheni mtapata," bwana afya akasema. "Lakini bia hii imelala kwenye maji machafu. Haiuzwi. Imwagwe."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Ningeiuza ile, ningewalaza vibarua hospitalini na mume wangu jela.

Mama mkwe akauliza kwa heshima kama anaruhusiwa kusaidia kumwaga. Akakunja mikono ya gauni, akaanza wimbo wa kanisani, na kila kifuniko kikiruka anapandisha sauti. Alikuwa ameiombea bia hiyo imwagike tangu siku ya kwanza, na sasa Mungu amemjibu mbele ya serikali! Ngotho alicheka mpaka akakaa chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi hatukutaka kuyazoa. Leseni ilikuwa yetu.

Siku tuliyofungua pale stesheni, vibarua waliimba mpaka abiria wakachungulia madirishani. Hata Mugo alikuja, na Ngotho akamfungulia chupa kwa mkono wake. Mama mkwe akavuka mlango wa kilabu kwa mara ya kwanza maishani, akaketi katikati ya watu wote, akaagiza chai.

Kwa hivyo, mwanangu, kunja turubai. Leseni yako ni ya ile nyumba iliyoungua, haikukufuata nje. Nenda ofisini na majivu yangali viatuni, useme umepoteza nini na unataka kuhamia wapi, kisha ungoje ujibiwe. Wateja watanuna, wacha wanune. Watarudi.

Mungu akujengee ukuta ambao moto utaupita kando, na jina lako lisimame hata kuta zikilala. Siku ya kufungua uniite. Chai yangu iwe na maziwa mengi.