Mshenga wa Wagonjwa

Mwaka ule karoti zilipata bei, na kila mwenye bonde la maji alinunua simu ya mkononi isiyoshika mtandao. Ndipo watu wa wilaya walipopanda mlima kutuambia kwamba safari hii hawatatupangia. Tutapanga wenyewe.

Walikuja watatu: bibi afisa wa afya kutoka Lushoto mjini, mtaalamu kijana kutoka Tanga aliyebeba makaratasi makubwa kama mikeka, na dereva wao. Tuliketi darasa la tatu, magoti yamegusa videvu, maana madawati yale ni ya watoto. Mimi niliitwa kwa niaba ya wanawake wazee. Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini kusikiliza najua.

Mtaalamu akasema zahanati yetu itaanza kupima virusi vya UKIMWI na kutoa dawa, na sisi wananchi tuseme tunataka huduma hiyo iweje. Ila kamati haikamiliki bila mtu mmoja anayeishi na virusi. Huyo asimame, ajitambulishe.

Nje kuku wa mwalimu mkuu akatangaza yai lake. Nani asimame? Huku kwetu hata kijana mwenye afya akitaka kuoa hasemi mwenyewe, anatuma mtu. Itakuwa jambo hili?

Mwenyekiti wa kijiji akakohoa. "Ndugu mtaalamu, kwa yale ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kinywa chake, sisi tunaye mtu."

Wote tukageuka kumtazama mshenga.

Mzee yule ndiye aliyeposa kwa niaba ya nusu ya kijiji. Hata ndoa ya binti yangu ilipita mkononi mwake. Mtu mwenyewe alikuwa mzima kama jiwe la kusagia, hatujapata kumsikia hata na mafua. Akasimama, akaweka sawa kofia yake, akasema: "Nimekubali kutumwa." Mtaalamu akaandika kwenye karatasi kubwa alilobandika ukutani: *Mgonjwa: amepatikana.*

Sasa niseme langu. Binti yangu alikuwa na virusi. Tulijua yeye, mimi, na nesi mmoja wa mbali aliyempima. Mumewe alikwisha kufariki, na wanawe walikula kwa kabichi na karoti alizouza Soni, kando ya barabara. Wakati ule watu waliamini hata kamba ya kufungia mchicha inaambukiza. Siku Soni ikijua, hakuna ambaye angenunua jani kutoka mkononi mwake.

Kesho yake asubuhi nikaenda shambani kwa mshenga. Alikuwa akipalilia maharage, amenipa mgongo. Alisikia hatua zangu, hakugeuka.

"Onga makeo," nikamwamkia.

Akaitikia huku jembe likienda. "Sema maneno. Mtu usimtaje."

"Mlango uwe mmoja," nikasema. "Anayefuata dawa hiyo aingie mlango uleule wa mwenye jino na wa mtoto anayepimwa uzito. Siku ileile, benchi lilelile."

"Umesikika, mama."

Natoka, nasikia mtu anakohoa migombani. Nikakohoa nami, nikapita upande wa pili. Huko nako nikakuta mwingine kajitanda kitenge hadi machoni, na viatu nikavijua. Mbele kidogo kuna bwana mzima kachutama katikati ya kabichi za watu, anajifanya anatafuta sindano. Asubuhi ile shamba la mzee lilikohoa kama wodi. Majina yao wote ninayo mpaka leo, na ya baba zao. Yatakaa hukohuko yaliko.

Kikao cha pili mshenga alikuja na kanzu, mwavuli, majani ya chai ya Mponde yaliyofungwa kwenye gazeti, na kuku mtetea amefungwa miguu. Hakuketi hadi alipokaribishwa.

"Shikamoo mzee," akasema mtaalamu. "Tueleze, unaishi na virusi tangu lini?"

"Marahaba. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Nyumbani. Wanasubiri jibu."

"Mzee, tumeagizwa awepo mhusika mwenyewe."

"Wewe ulipooa, ulikwenda kuposa mwenyewe?"

"Mimi bado sijaoa."

"Ndiyo maana."

Watu wakapiga madawati kwa kucheka. Hapo mke mkubwa wa mshenga, aliyeketi nyuma, akasimama na kulisonta lile karatasi la ukutani. "Mwanangu kanisomea pale. Bwana wee, ugonjwa huo umeutoa wapi mimi nisijue?"

"Mama watoto, nimetumwa tu."

"Hata Bumbuli ulisema umetumwa! Ukaenda kumposea mwenzio, ukarudi na mke wa pili!"

Mwenyekiti alituliza darasa kwa muda mrefu, maana yeye ndiye aliyekuwa ametuma posa ile ya Bumbuli.

Mshenga akasubiri. Kisha akamgeukia bibi afisa, akasema kwa sauti yake ya kazi: "Tumesikia kwenu kuna dawa nzuri, imelelewa vizuri. Nia tunayo. Ila hao wanaoifuata waingie kwa mlango wa watu wote, siku ya watu wote. Wasipitishwe uani kama wezi." Akampa kuku kwa mikono miwili, na chai.

Bibi afisa aliona haya kumkatalia mzee. Akapokea. Wanawake tukapiga vigelegele hadi watoto wakaja kuchungulia arusi ni ya nani. Kwetu sisi mambo yalikuwa yamekwisha: posa imepokelewa. Wao walidhani wamepewa zawadi tu.

Kikao cha tatu wakaja na mpango wetu, umeshapigwa chapa. Kwa jinsi ulivyokuwa msafi, nadhani ulipigwa chapa kabla hatujapanga. Kijumba cha peke yake nyuma ya zahanati. Mlango wake. Siku yake. Na kibao kirefu, tayari kimepakwa rangi, kiko kwenye gari. Nilimwona binti yangu akipita chini ya kibao kile, na Soni nzima imesimama inasoma.

Mshenga akanyoosha mkono. "Swali dogo. Kuku yuko wapi?"

"Kuku?" akauliza mtaalamu.

Dereva, kule mlangoni, akajibu kwa moyo mweupe: "Tulimla, mzee. Alikuwa mnono."

Darasa zima likaguna.

"Ameliwa," akasema mshenga polepole. "Basi anayetaka kuvunja posa arudishe kuku. Yuleyule."

"Tutakununulia mwingine!"

"Yuleyule."

Mtaalamu akamtazama bibi afisa. Mama yule alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanacheka. "Hata kwetu pwani," akasema, "ukishakula umekubali." Akachukua kalamu nene, akakikata kile kijumba kwenye karatasi kwa mistari miwili.

"Lakini dada, sababu niandike nini? Kuku?"

"Andika jamii imeshirikishwa."

Kibao hawakukirudisha mjini, gari lilikuwa limejaa kabichi za watu. Mshenga alikiomba, akaezekea banda la kuku wake. Kwa miaka mingi mitetea ile ilitaga chini ya maandishi mekundu: KITUO CHA USHAURI NASAHA NA KUPIMA KWA HIARI. Wageni walisimama njiani wakasoma, wakachungulia ndani.

Dawa zilipofika, binti yangu aliketi kwenye benchi lilelile, kati ya mwenye jino na mama wa mtoto mwenye surua. Akatoka na furushi ndani ya khanga kama wote, akawahi Soni.

Jioni moja akarudi amenuna. "Mama, yule mzee mshenga ana roho ngumu! Kaiminya kabichi yangu, kainusa, kasema imelala. Nikamwambia imekatwa alfajiri. Akasema basi ilikatwa ikiwa imelala! Kanyofoa jani mkononi mwangu, kalitafuna bichi palepale mbele ya watu wote, halafu anataka bei ishuke."

"Ukashusha?"

"Nimshushie kwa lipi? Nimemfukuza."