Nyama Mpya ya Bibi

Kila karanga zikianza kunukia kikaangoni, namwona tena bibi amelala ubavu, uso ukutani, na mama akimfungua bandeji.

Miguu ilikuwa imemkataa, akawa wa kitandani, na kidonda cha kulalia kikamchimba juu ya makalio. Mama alimgeuza na kumsafisha kutwa, lakini shimo lilizidi kuingia ndani. Kwetu mgonjwa hupewa uji mwepesi, na bibi alikunywa huo tu.

Nesi alipokuja aliinua kijiko, uji ukachuruzika. "Mama, nyama mpya mnataka iote kwa maji? Mpeni mayai."

"Mwanamke mzima nile yai?" bibi akang'aka. Kwa wanawake wa rika lake, yai lilikuwa mwiko.

"Basi karanga, mama," mama akambembeleza. "Na dagaa."

"Karanga nimelima mwenyewe. Lete."

Nikawa natwanga karanga na dagaa, mama anakorogea kwenye uji wa maziwa, bibi anameza taratibu. Mvua zikaja, zikaisha.

Asubuhi moja mama alifungua bandeji, akaniita. "Njoo uone. Bibi yako anajishona."

Shimo lilikuwa limejaa nyama nyekundu kama tikiti lililoiva, na pembeni ngozi changa, laini kama ya kichanga, ilikuwa ikitambaa kuelekea katikati. Nilikuwa nikidhani wanaokua ni watoto tu.

Leo natwanga tena, kinu kilekile. Sasa ni mama aliyelala ubavu chumbani, naye amefungwa bandeji, anausikiliza mchi.

"Dagaa umewatoa vichwa?" ananiuliza.